Uso wa Tano Chini ya Roshani

Jumatatu, 22 Septemba

Kalibu ya simba imeng'ang'ania tena. Nimeitia mafuta, nimeigonga, nimeitukana. Simba katoka bila pua. Nimempa nyingine kwa kidole gumba, na kwa kweli imekuwa nzuri kuliko ya kwanza. Karakana joto, feni inapuliza vumbi la saruji tu. Hapa Fort Worth wanasema majira ya kupukutika majani yameanza. Majani gani?

Vimebaki vichwa viwili. Daktari Anselmi alikwenda Sisilia likizo, akaona kasri la makabaila wa zamani. Roshani yake imeshikiliwa na mawe ya kuchonga: simba, farasi wenye mabawa, vizee waliotunisha mashavu, majitu yanayotoa ulimi. Akapiga picha thelathini. Sasa anataka sita kama yale chini ya roshani ya nyumba yake mpya, mjini Katy, karibu na Houston. Watanzania wenzetu wakijenga huku huridhika na nguzo mbili nyeupe mlangoni. Yeye anataka majitu. Nampenda kwa hilo.

Miaka tisa nafinyanga maua na vishada vya zabibu kwa ajili ya nyumba za watu. Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza yenye nyuso.

Jumatano, 24 Septemba

Jiwe la tano kwenye picha halina uso. Mvua za miaka mingi zimeula. Yamebaki masikio ya mbuzi na kidevu. Nikampigia Daktari.

"Fundi, weka sura yoyote ya mzee. Mimi naku-trust."

Nikakaa mbele ya udongo. Mkono ukaanza wenyewe. Jicho la kushoto limelegea. Pengo mbele. Mashavu yamejaa pumzi, ncha ya ulimi imetokeza kama ya mtu aliyezidiwa na mzigo. Kufika mchana nimemaliza; kesho natoa kalibu yake, kisha saruji. Sijawahi kufinyanga haraka hivyo. Sijui mzee huyu katoka wapi. Nimeridhika mpaka naona haya.

Jumamosi, 4 Oktoba

Katy. Mwendo wa saa tano na trela nyuma. Mawe yote sita yamepanda, hakuna lililopasuka. Daktari hataki kuyaona, hata kwa picha. Ameagiza yafunikwe kwa turubai hadi tarehe 18, siku ya kubariki nyumba. Mama yake anakuja kutoka Karagwe. Anataka wayaone pamoja.

Mtu mzima, daktari wa moyo, anarukaruka kama mtoto wa sikukuu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kadi ya mwaliko ya Daktari imeingia kwenye simu nikiwa nakula. Kubariki nyumba na kumkumbuka marehemu baba yetu, Mzee Petro. Na picha yake.

Nikaweka tonge chini.

Jicho la kushoto limelegea. Pengo mbele.

Picha hii naijua. Mzee alipofariki mwaka juzi alizikwa Karagwe, msiba wa huku ukakaa nyumbani kwa Daktari, ile nyumba ya zamani. Viti vya kukunja, chai ya tangawizi, watu wa Dallas na Houston. Picha ilikuwa mezani pamoja na mshumaa. Siku tatu nilikaa mkabala nayo nikidhani siangalii kitu. Kumbe mkono ulikuwa unaangalia.

Nimemvika baba wa mtu masikio ya mbuzi. Nimemfanya atoe ulimi. Nimemweka chini ya miguu ya wajukuu wake.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimeharibu vishada viwili vya zabibu. Siwezi kutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama nasahau nilichosimamia.

Nilimwonyesha mke wangu, Tabu, kadi na picha ya jiwe. Tabu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akaniona uso.

"Mpigie," akasema. "Usije ukajifanya hujui."

Sikupiga. Nilijiambia hakuna atakayegundua. Watu hawatazami juu, wanatazama pilau. Halafu nikamkumbuka mama yake. Mwanamke ataacha kumjua mumewe kwa sababu ya masikio?

Binti yetu naye kaangalia. "Baba, it's just a face." Ametoka zake.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimefanya ujinga. Nimeendesha mpaka Katy na mashine ya kukatia mawe bila kumwambia mtu. Nilikusudia kumkata, nibandike shada la zabibu, niseme jiwe lilipata ufa. Daktari alikuwa kazini. Wapaka rangi wananijua, hawakuuliza.

Nikapanda ngazi, nikainua ukingo wa turubai. Akanitazama kwa lile jicho lake.

Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Naandika hivi kwa hasira.

Nikashuka. Nikala baga ndani ya gari, nikarudi Fort Worth. Siku nzima barabarani bure. Mimi ni mwoga. Na nina majivuno. Sijui kipi kilinishusha kwenye ngazi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimempigia. Nimesema yote bila kupumzika, maana ningepumzika ningekata simu.

Nikasikia watu wa hospitali wakipita nyuma yake.

"Baba yangu?" akasema. Halafu: "Nyumba hii nimemjengea yeye. Na watu watamkanyaga."

Akaniambia nilikate jiwe. Mama yake ametua jana na amechoka, kesho asubuhi atakuwa amelala. Nije mapema. Leo hakuniita Fundi.

Nimeumia. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya jiwe. Zaidi jiwe, Mungu anisamehe.

Ijumaa, 17 Oktoba

Saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa Katy. Mama hakuwa amelala. Alikuwa bustanini, kitenge mabegani, anatazama mabomba ya jirani yanavyomwagilia nyasi yenyewe. Nikamwamkia. Akaitikia. Daktari akamsihi aingie ndani, kuna vumbi litatoka. Hakuinuka.

Daktari akanipa ishara nianze. Nikapanda, nikaondoa turubai, nikawasha mashine.

"Zima hiyo."

Nikazima. Mama alikuwa amefika chini ya ngazi. Alitazama muda mrefu sana.

"Huyo ni Petro."

Nikashuka, nikapiga magoti palepale kwenye nyasi mbichi. Nikaeleza msiba, picha, udongo, mkono. Nikaomba radhi. Sidhani alinisikiliza.

"Anafanya nini pale juu?"

"Ameshikilia roshani, mama."

"Petro?" Akashika ngazi kwa mikono miwili, akaanza kucheka. "Petro kashikilia kitu? Maji nilibeba mimi. Kuni mimi. Mikungu ya ndizi mimi, na mimba juu. Yeye na kiti chake na redio yake. Miaka arobaini na mitatu! Mwacheni abebe."

"Mama," Daktari akasema, "baba alikuwa mchapakazi."

"Wewe ulikuwa shule ya bweni."

Nilimwonea Daktari huruma kuliko nilivyojionea mimi wiki nzima. Mama akamshika mkono, akamwambia baba yake alimpenda, hilo ni kweli na halina ubishi. Kisha akanigeukia. Masikio nimekosea, akasema. Ya Petro yalikuwa makubwa zaidi.

Nimerudishia turubai, nikarudisha mashine garini.

Jumamosi, 18 Oktoba

Padre amenyunyiza maji vyumba vyote. Turubai likashushwa. Wazee wawili waliomjua marehemu waliguna, wakamtazama mjane, wakamwona anatabasamu, wakaenda kuchukua pilau. Daktari alisoma kwenye karatasi maneno machache kuhusu baba yake. Alisita mahali fulani katikati, akaruka sentensi. Aliponipa mkono aliniita Fundi.

Watu walipopungua mama aliniomba nimpeleke juu. Alipanda polepole akinishika bega. Akachagua mwenyewe pa kuweka kiti, ukingoni, usawa wa jiwe la tano. Nikamletea chai. Upepo ulikuwa mzuri kidogo.

Baadaye akagonga sakafu kwa kisigino mara mbili.

"Bado kashikilia?"

"Kashikilia, mama."

Roshani imebebwa na vyuma vilivyozama ukutani. Yale mawe ni pambo, hayabebi hata kikombe chake.

Sikumwambia. Alimaliza chai, akaomba nyingine.