Akina Kambale Wote Wamerudi

Papa,

Nakuandikia nikiwa mezani pako pa usekretari, katika bureau, ofisi ya shule. Leo naandika kwa furaha.

Kompyuta uliyotunzia alama za wanafunzi iliharibika wiki mbili baada ya kukuzika. Mkurugenzi akaniletea nyingine, akasema binti wa sekretari ndiye aliyefundishwa kazi, basi apange. Nikasakinisha mfumo, nikaweka programu ya alama, nikahamisha orodha zako kutoka diski ya zamani. Unanijua ninavyopenda usafi. Nikaiagiza programu isikubali jina moja mara mbili, kisha nikaifuta diski ya zamani kabla sijakagua chochote.

Mimi, mzaliwa wa Butembo, ambako majina hufuata zamu ya kuzaliwa na wengi huitwa sawa! Akina Kambale Joseph saba wakawa mmoja, mwenye alama za wote. Akina Masika Marie sikujua hata wamepotea wangapi. Na wanaomaliza mwaka huu walikuwa wanasubiri alama zao ili waandikishwe kwa mtihani wa taifa. Nililia, Papa. Niliona kama nimekuzika mara ya pili.

Ndipo nikakumbuka nakala ya orodha, ndani ya flashi, uliyokuwa ukimpelekea dada yako kule Lubero kila muhula, nasi tukikucheka. Nikampigia shangazi simu. "Ile kitu ya papa yako iko hapa, mu ndoo ya maharagi," akasema, kama mtu aliyeulizwa kijiko. Nikaifuata. Ikafunguka! Na kando ya kila jina, jina la mama. Ulinisumbua sana na hilo: "Bakambale beko bengi, uandike na mama yake." Nikadhani ni uzee.

Nimesakinisha upya. Sasa kila mwanafunzi ana namba yake, na mama yake yumo. Nimekagua mmoja mmoja siku tatu, hakuna aliyepungua. Nilipomaliza nilicheka peke yangu.

Hata kwenye mashine mpya nilikuwa naingia kwa jina lako na neno lako la siri. Sikuthubutu kutumia langu. Leo nimefungua akaunti yangu, na ya kwako nimeifunga.

Nakuahidi muhula ujao nitamfundisha mwalimu mmoja kazi hii, isibaki kichwani mwangu peke yangu.

Lala salama, Papa. Watoto wote wamo.

Binti yako,
Masika