Rafiki Yangu Alikataa, Tovuti Yangu Ikakubali

Shangazi Wakarima mpendwa, naomba unisaidie, na tafadhali jina langu usilichapishe, maana hapa Kisumu Ndogo, Kibera, watu wananijua kama yule msichana wa kutengeneza tovuti na hiyo ndiyo sifa pekee niliyo nayo. Nesi mmoja mwenye kliniki ya akina mama karibu na mtaa wa Ayany alinipa kazi ya tovuti yake, akaniambia, "Na uweke kile kisanduku cha vidakuzi, tusishikwe na sheria," yaani kile kinachokuuliza kama unakubali tovuti iweke alama kwenye simu yako ijue unasoma nini, basi nikakiweka, kizuri, na kitufe cha Kubali na kitufe cha Kataa, lakini Shangazi, vyote viwili vilifanya kazi moja tu ya kufunga kisanduku, na kampuni ya matangazo tuliyoiunganisha ilikuwa inapata habari za msomaji hata kabla hajabonyeza chochote. Nilijua. Nilijiambia nitarekebisha, halafu nikajiambia huku kwetu nani husoma vitu hivyo, watu hubonyeza chochote ili wapite.

Kumbe yuko anayesoma. Rafiki yangu, nimwite Batul, ameolewa katika familia ya Kinubi na wanaishi kwenye ploti ya mama mkwe wake, na mimba yake ya kwanza iliharibika, kwa hivyo yeye na mumewe wakakubaliana wangoje kidogo bila kumwambia mama, ambaye kila mara anauliza mjukuu wake yuko wapi. Simu ya Batul ilipasuka kioo, akaomba ya mama mkwe, akaingia kwenye tovuti hiyo akiiamini kwa sababu ni mimi niliyeitengeneza, akasoma mambo ya kupanga uzazi, akabonyeza Kataa, akafuta historia kama tunavyofanya wote tunaotumia simu za watu, akairudisha. Tangu hapo mama huyo kila akifungua video zake za mapishi anaonyeshwa sindano na vijiti vya kuzuia mimba, na simu yake hakuna mwingine anayeishika ila Batul, na sasa ameambiwa mwezi ukiisha arudi kwao Kawangware mpaka aamue kama alikuja kuzaa au kutembea, na mume amenyamaza kwa sababu nyumba ni ya mama.

Alikuja kwangu akilia. "Si nilifinya Kataa? Nilisoma hiyo kitu poa kabisa, nikafinya Kataa. Nilikosea wapi?"

Na mimi, Shangazi, nikamwambia, "Labda ulifinya vibaya, hizo vitufe ziko karibu sana."

Akaniomba msamaha kwa kunisumbua. Tangu siku hiyo nikimwona njiani nazunguka kwa nyuma. Nimefikiria niende kwa mama mkwe nimwambie matangazo hayo humtokea kila mtu, ili Batul abaki. Nifanye nini?

Mwenye aibu, Kisumu Ndogo

*

Mwenye aibu,

Vizuri, aibu unayo. Wengi wenye kazi kama yako hawana.

La kitufe nalielewa, ingawa silisamehe haraka. Ulimpa mtu mlango usio na komeo ukamwambia afunge alale. Lakini la pili ndilo lililonifanya niweke kikombe cha chai chini. Mtu amekuja kwako analia, anakuuliza alikosea wapi, nawe unajua hakukosea, unamtwika kosa lako. Halafu ukakubali akuombe msamaha! Mwanangu, hapo ulinikera.

Sasa sikiliza. Ukimaliza kusoma hapa, itoe hiyo kampuni ya matangazo kwenye tovuti, na uiandikie ifute ilichochukua. Kisha umpigie nesi umwambie wazi kwamba hata waliokataa walifuatwa. Atakasirika, na huenda kazi ikaenda. Lakini kliniki ni yake, na habari za afya ya mtu si mchezo mbele ya sheria. Ni lazima ajue ili awaeleze wanaosimamia sheria hiyo na wateja wake. Batul hayuko peke yake, wengine hawana hata rafiki wa kumlilia. Na siku kitufe kitakaporudi, kijaribiwe na mtu mwingine, si wewe.

Kwa mama mkwe usiende. Uongo mwingine wa nini, wa kwanza haujakutosha? Na hata ungekwenda na ukweli, siri ya tumbo la Batul si yako kuisema. Muulize yeye mama aambiwe nini na nani amwambie. Mimi ningependa aseme mume, kwa sababu walikubaliana wawili na sasa amemwacha mkewe apigwe na mvua peke yake, lakini hilo ni lao. Akikwambia ukae kimya, ukae.

Usimtumie ujumbe wa simu. Nenda kwa miguu yako, ukae chini, useme: "Hukukosea. Ulifinya Kataa, ni mimi nilifanya isifanye kazi, na nikakudanganya." Usitie "lakini" hapo. Akikufukuza, toka, wala usimtumie watu wa kumbembeleza.

Ila nenda kabla mwezi haujaisha. Kufukuzwa na mama mkwe ni mzigo tosha. Asiondoke Kibera akidhani kidole chake ndicho kilichomponza.