Ubao Usiohitaji Kuambiwa

Jumatatu, 12 Mei 2025

Gazeti limenituma zahanati ya binafsi, Shika Adabu. Juzi mzee Kiponda, mgonjwa wa pumu, aliletwa hapa kwa sababu ubao wa zahanati, ambao watu huusoma kwenye simu, ulikuwa kijani: oksijeni ipo. Haikuwapo tangu asubuhi. Akavushwa feri akihema. Yu hai, wadini, hospitali ya kisiwani.

Mwenye zahanati, Abdulghani, keshampata mkosaji: muuguzi Mwanasaumu hakuingiza sifuri kwenye kompyuta ya stoo. Kikao Alhamisi, cha kumfukuza.

"Wallahi niliingiza, dada," kaniambia. "Saa mbili na robo."

Ukurasa wa stoo unasema hivyo hivyo: sifuri, saa mbili na robo. Hakuna aliyejisumbua kuutazama.

Jumanne, 13 Mei

Nyale, aliyetengeneza mfumo wa ubao. Ofisi Likoni, kiti cha kuzunguka, hotuba ya dakika arobaini. Hesabu ya rangi ya ubao ikifanyika, mfumo wenyewe unanukuu kila namba iliyosomwa. Yoyote kati ya hizo ikibadilika, hesabu inarudiwa. Hauhitaji kuambiwa. "Kwa hiyo kosa ni la binadamu, mama."

Nimeuliza kama yeye si binadamu. Kanipa soda. Na nakala ya programu, kwa majivuno — nikawaonyeshe mafundi wa gazeti letu.

Jumatano, 14 Mei

Pascalia, anayetunza tovuti yetu, kaimaliza kuisoma kabla chai haijapoa. Hesabu inasoma idadi ya vitanda papo hapo. Kisha inangoja nusu sekunde ndipo isome oksijeni — ili taa ya ubao ipepese, ipendeze! Kumbe mfumo hunukuu kinachosomwa papo hapo tu. Baada ya kungoja, kalamu imeshawekwa chini. Vitanda umevinukuu, oksijeni hauna habari nayo.

Kitanda kikibadilika, hesabu yote inarudiwa na ubao unasema kweli, kwa bahati. Vitanda hubadilika kila mara, basi miezi minne hakuna aliyeshtuka. Jumamosi hakikubadilika hata kimoja. Mzee kahema kwa ajili ya mapambo.

Mwandishi akiuliza mtu mmoja na kudai kauliza wawili, hufukuzwa. Huyu huitwa mtaalamu.

Alhamisi, 15 Mei

Naandika hapa hapa, kikao hakijaisha. Nyale kaanza na maonyesho: kaweka oksijeni sifuri, kapunguza kitanda kimoja. Ubao mwekundu.

"Umeona, mwanangu?" Abdulghani kamwambia Mwanasaumu. "Mashine haina ugomvi na mtu." Barua ya kumfukuza imeshapigwa chapa, iko mbele ya Abdulghani, miwani juu yake.

Nimeomba vyote virudishwe, ubao uwe kijani, kisha Mwanasaumu aguse oksijeni peke yake. Nyale kasema hakuna haja. Abdulghani kauliza kwa nini isiwepo.

Mwanasaumu kaweka sifuri. Kijani.

Dakika moja. Kijani.

"Mtandao mzito leo," Nyale kasema. Abdulghani kavaa miwani, kausogelea ubao kwenye skrini.

Mkono wa Nyale unakwenda kwenye namba ya vitanda, polepole, kama mtu anayefuta vumbi. Nimemwambia vitanda aviache.