Mizizi ya Mikoko Chini ya Bahari

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Mgeta baridi ni kali. Mjomba wako ameshuka Dumila kuuza kabichi, na babu yako bado anakohoa.

Umeuliza tulijuaje bahari ya kale iliishia wapi. Nilipokuwa msaidizi wa watafiti kule pwani, tulizamisha bomba kwenye tope la chini ya bahari, mbali na ufuko. Chini kabisa ikatoka mizizi ya mikoko. Mikoko huota ukingoni mwa bahari, kwa hiyo ukingo uliwahi kuwa pale, kabla barafu ya nchi za baridi haijayeyuka na maji kupanda.

Mwenyeji wetu, Mama Mwanaidi, aliishika ile mizizi.

"Na sasa yanapanda tena?"

"Yanapanda, mama," kiongozi wetu akamjibu.

Kesho yake Mama Mwanaidi alituomba tumsaidie kulihamisha kaburi la mwanawe, lililokuwa karibu na ufuko. Shehe akaridhia. Tulichimba kwa mikono, taratibu. Tukakuta mchanga na maji ya chumvi tu.

Alitandaza sanda mpya, akaweka mchanga ule ndani, akaifunga. Hakuna aliyemkataza. Tukaizika juu, mbali na maji.

Wewe na wenzako wa masomo mkienda pwani kupima bahari, mwanangu, ulizeni kwanza makaburi yako wapi.

Akuombeaye kila swala,
Bibi yako