Udongo wa Kaka Danieli

Kambi ya mkonge, Tanga

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, mama. Nakusalimu haraka kabla hasira haijanishika tena. Mguu wako unaendeleaje na baridi ya huko Mdandu? Mimi mwili ni mzima, ila moyo unachemka. Dada Elizabeti, wewe unayemsomea, usirukeruke. Msomee mama yote, hata pale nilipokosea mimi.

Mama, ulinituma kitu kimoja tu. Uliposikia kwamba Bwana na Memsabu wangu wanafunga safari ya motokaa, ya kutazama nchi tu, na kwamba Tanga watapumzika siku mbili, uliniambia: "Kaniletee udongo wa kaburi la Danieli. Tukiufukia kando ya baba yake, nitaivua hii kaniki ya msiba." Nikaona ni jambo jepesi. Mimi ndiye mpishi wao, lazima niende nao.

Tangu Makambako tulisimama kila penye mlima. Bwana anashuka, anapiga picha, Memsabu anasifu, mimi nachemsha chai kando ya barabara huku vumbi likiniingia machoni. Sikununa. Nilikuwa na changu moyoni.

Tulipofika Tanga nikaomba ruhusa ya mchana mmoja. Nilisema nina ndugu anayekata mkonge, sikusema amekufa. Memsabu akaniandikia cheti cha kuonyesha getini, maana mgeni haingii mashamba haya hivi hivi. Akanipa na kopo la biskuti, tupu, nimtilie ndugu yangu sukari. Siku hiyo nilimshukuru kwa moyo wote.

Kambini nilimkuta Mzee Kanuti, Mpangwa wa Mawengi, aliyekaa chumba kimoja na kaka. Akanipeleka makaburini. Hakuna msalaba, mama. Kuna vijiti, na kila kijiti kina namba ya kipande, ile kadi yao ya kazi. "Huyu hapa mdogo wangu," Mzee Kanuti akasema, "nilimfukia kwa mikono yangu." Nikachota udongo mwekundu mpaka kopo likajaa. Nililia, wala sioni haya kusema.

Niliporudi, Memsabu akauliza kopo lina nini. Hapa ndipo nilipokosea. Niliogopa watanicheka. Niliogopa pia habari zitamfikia Mchungaji kwamba bado tunashika mambo ya wazee. Nikamjibu, "Ni udongo wa kupandia maua."

Kesho yake, kabla ya kuondoka, wakataka kuona ufukwe. Mimi naosha sahani, Memsabu anaokota makombe ya baharini. Yakamjaa mikononi, akakosa pa kuyatia. Nilipogeuka, amelishika kopo, limejaa makombe, na udongo wa kaka umemwagwa mchangani, wimbi limeshaufikia! Nikapiga magoti, nikawa nakomba mwekundu na mweupe pamoja, maji yakinizidi. Na Bwana, mama, Bwana akanipiga picha! Anacheka!

Nikapaza sauti, "Huyo ni kaka yangu! Huo ni udongo wa kaburi lake!"

Memsabu akaiva uso. "Si ulisema ni wa maua, Zakaria? Basi usijali. Tukirudi Njombe nitakupa udongo mzuri wa shambani kwangu."

Shambani kwake! Pale walipopanda miti yao ya miwati ndipo ulipokuwa unalima ulezi na Danieli mgongoni, kabla hatujahamishwa. Pangebaki petu, Danieli angefuata nini kwenye mkonge? Nikaomba turudi makaburini, dakika chache tu. Bwana akatazama saa, akasema Mombasa ni mbali na chumba kimeshawekwa. Basi nikashusha mzigo wangu. Nikalichukua kopo mikononi mwa Memsabu, nikayamwaga makombe yake miguuni pake, nikaondoka bila kuaga. Chai yao wachemshe wenyewe.

Getini nikazuiwa. Cheti kilikuwa cha jana, na aliyekiandika ameshakwenda zake. Mnyapara akaniambia, "Anayetaka kuingia hapa achukue kipande." Nilimbembeleza, nikamtukana, nikambembeleza tena. Hakusogea.

Mama, najua uliapa kwamba hakuna mtoto wako mwingine atakayekata mkonge. Nimechukua kipande. Ni siku thelathini za kazi, na usipomaliza ngwe yako siku hiyo haihesabiwi. Mwandiko huu mbaya ni kwa sababu ya miiba. Nikasirikie tu, hata mimi nimejikasirikia. Nina hasira na Bwana, na Memsabu, na mnyapara, lakini zaidi na ulimi wangu uliomwita kaka yangu udongo wa maua.

Nisalimieni mjomba seremala. Mwambieni msalaba aanze kuuchonga. Nisalimieni shangazi wa Bulongwa, na watoto wote wa dada. Mchungaji naye mpeni salamu zangu, na mwelezeni jambo hili lote bila kuficha. Kuficha kumenitosha.

Kopo limejaa tena, mama. Liko chini ya kitanda changu, na kwenye kifuniko nimekwaruza jina la Danieli kwa msumari. Siku nitakayopanda lori kurudi, atakayeniuliza nimebeba nini nitamwambia ni kaka yangu, nampeleka nyumbani.

Mwanao,
Zakaria