Wali na nyama vilivyoniozesha

Mjukuu wangu Furaha,

Salamu toka hapa Nyamianda. Sisi wote tuko wazima, na dada yako amejifungua mtoto wa kike.

Unauliza kwa nini napika mchele na nyama ya ng'ombe katika sufuria moja. Wakati wa maasi, nikiwa msichana, sisi na jamaa ya babu yako tulikimbilia Luberizi. Mama yangu alikuwa na mchele na sufuria moja tu. Mama ya babu yako, ambaye hakutaka mwanawe anioe, alikuwa na nyama. Wakagombana nani apike kwanza. Nikakaanga nyama na vitunguu, nikatia maji na mchele, nikafunika.

Yule mama alipoonja, akauliza, "Nani amepika?"

"Ni miye, mama."

"Basi, weye utakuja kupika kwangu."

Babu yako akacheka mpaka akapaliwa. Wale mama wawili wakaanza kugombania ukoko, lakini sasa kwa kicheko.

Nyanya yako anayekupenda