Alama ya mkaa niliyoifuta

Jumanne. Upepo tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la chumvi. Mwanangu Imani amelala. Mimi nimenawa uso mara mbili na aibu bado ninaisikia mashavuni.

Mnaonisoma mnajua nina miradi miwili: kibanda cha chipsi hapa Shelui, upande wanakosimama malori, na kuku wa kienyeji nyumbani, hatua chache nyuma ya kibanda. Kwenye chipsi yuko Pili. Kwa kuku yuko Mama Zuhura, mtu mzima, rika la mama yangu mzazi. Mimi ndiye nimemwajiri, lakini kila asubuhi namwamkia shikamoo, naye ananiitikia, "Marahaba mwanangu, mjukuu kaamkaje?" Ndivyo tulivyozoeana.

Leo Pili aliomba ruhusa ampeleke mtoto kliniki. Nikamhamishia Mama Zuhura kibandani amenye viazi. Akaniambia, "Mwanangu, na kuku je? Yule mwekundu kabakiza siku nne kuangua." Nikamjibu nitaangalia mwenyewe, huku natafuta soksi ya Imani. Hizo siku nne ziliingia sikio hili zikatokea lile.

Kwenye semina ya kikundi chetu tulifundishwa kwamba ukimtoa mtu kwenye kazi yake, uulize kwanza nani anabaki nayo. Niliandika kwenye daftari, nikapigia mstari. Mimi ni wa darasa la saba, ila mistari napiga vizuri.

Saa tano malori yakasimama kwa mkupuo. Kila dereva chipsi mayai, chipsi mayai. Trei ikaisha. Nikakimbia bandani na Imani mgongoni. Kuku mwekundu alikuwa ameshuka kiotani kutafuta maji, maana chombo chake hakuna aliyekijaza. Kiotani kulikuwa na mayai tisa. Nikachukua sita.

Sasa naandika jambo ambalo sijamwambia mtu.

Kila yai lilikuwa na alama ya mkaa. Mama Zuhura ndivyo anavyofanya: mayai ya kuatamiwa anayachora, ili kuku mwingine akija kutaga humo yeye ajue yai geni la kuondoa. Hilo nalijua. Nilijiambia tu kwamba labda ameyaweka juzi, hayajaanza kitu.

Nikazifuta alama kwa ncha ya khanga niliyombebea Imani.

Nikayapanga kwenye trei, nikaenda kuhudumia meza. Mama Zuhura alikuwa jikoni, akapasua la kwanza moja kwa moja juu ya kikaangio. Nilisikia mafuta yakilia, halafu watu wakageukia kikaangio. Kilikuwa kifaranga kizima, manyoya yamelowa, macho yamefumba.

Dereva mmoja akapiga meza. "Dada, mimi niliagiza chipsi mayai, mbona unaniletea chipsi kuku?"

"Twende zetu," mwenzake akasema, "tutakula Nzega. Huku chakula kinakuangalia."

Wakacheka, wakainuka. Na mimi, mwanangu mgongoni, nikapaza sauti kila mtu asikie: "Mama Zuhura! Haya mayai umeyatoa wapi?"

Aliyatazama yaliyobaki kwenye trei. Moja lilikuwa na mkaa nusu, sikulifuta vizuri. Akanitazama mimi. Akaitazama khanga, ina madoa meusi. Kisha akasema taratibu, "Nisamehe, bosi."

Hajawahi kuniita bosi.

Akaepua kikaangio, akayafunga yale matano kwenye mtandio wake, akayarudisha kwa kuku. Halafu akarudi akaendelea kumenya viazi mpaka vikaisha.

Saa kumi, kazi ya kibandani ilipokwisha, nilimkuta bandani. Sikumtuma. "Bosi, niazime tochi ya simu." Akamulika yai moja moja, kiganja kimezungushia mwanga. "Wawili wanacheza," akasema. "Hawa watatu, basi tena." Aliyasema hayo kwa upole uleule anaomwogeshea Imani.

Tulikuwa sisi wawili na kuku. Nafasi ya kusema ilikuwapo. Nikasema, "Asante."

Asante! Kama mtu aliyepokea kikombe cha maji.

Wakati wa kuondoka akauliza, "Kesho nije huku au kule, bosi?" Swali hilo lilipaswa kuwa langu, na lilipaswa kuulizwa asubuhi. Nilidhani kuendesha miradi miwili ni kuwa na mbio za kutoka mmoja kwenda mwingine. Leo nimehamisha mtu, nikahamisha mayai, na mwisho nikahamisha hata kosa langu nikamtwika mtu mzima.

Kuandika hapa ni rahisi. Simu ya Mama Zuhura ni ya vitufe, hatasoma. Hata nikimfuata kwake sasa hivi nimwambie pembeni, bado itakuwa ujanja, kwa sababu nilimwaibisha mbele za watu.

Kwa hiyo Pili akirudi kesho, viazi ni vyake. Mama Zuhura atabaki kwa kuku. Ila kwanza, madereva wa chai wakishakaa, nitamwomba aje kibandani mara moja, niwaambie wote ni nani alifuta mkaa. Wakicheka, wacheke. Jiko litawaka baadaye.

Nitaanza na shikamoo. Sijui kama kwenye marahaba yake bado kutakuwa na "mwanangu".